Ipe Pumzi Namba Tatu

Nusu ya wafanyakazi wa kile kiwanda walidhani Povu ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Karani mmoja aliliandika hivyo kwenye kadi yake ya matibabu, naye akatembea na kadi hiyo miaka minne bila kulalamika. Nilipomuuliza kwa nini harudi kuirekebisha, alisema ugonjwa haujali jina.

Mimi nilikuwa maabara. Chumba kimoja, sinki mbili, jiko la umeme, na dirisha kubwa linalotazama ukumbi wa matangi. Tulitengeneza hamira, ile ya kuumulia unga. Watu wananunua pakiti dukani wanadhani ni poda tu, kumbe ndani mna seli hai zimelala. Kazi yetu ilikuwa kuzilisha, kuzipa hewa, zizaane hadi tangi la ghorofa mbili lijae, kisha kuzikausha. Povu alikuwa mtu wa tangi namba tatu. Alifungua bomba la molasi kwa vipimo vyake, akapanda ngazi ya vidato ishirini na sita, akainama juu ya mdomo wa tangi, akachota povu kwa vidole viwili na kulisugua kama mshonaji anavyosugua kitambaa dukani.

Na alikuwa na pua, jamani. Alkoholi ambayo mimi na vyombo vyangu tulihitaji dakika arobaini kuipima, yeye aliijua kabla hajafika kidato cha mwisho. Jambo hili liliniudhi miaka mitatu ya mwanzo. Nimesoma, nina cheti, nina koti jeupe, halafu mtu aliyeishia darasa la saba anateremka ngazi na kuniambia, "Daktari wa Chupa, usijisumbue. Leo hakuna pombe." Nami napima kwa hasira, na kweli, hakuna pombe.

Siku moja alikuja maabara wakati wa mapumziko, akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa.

"Hebu nieleze," akasema. "Hawa wadudu wangu. Kwa nini nikiwanyima hewa wanapika pombe?"

"Si wadudu."

"Hawa wasio wadudu wangu, basi."

Nikachukua vizibo sita vya chupa za sampuli, nikavipanga mezani. Nilimwambia, hii ni sukari, kaboni sita. Seli ikishaipata inaikata katikati. Nikavitenga vitatu huku, vitatu kule. Kila kipande sasa kinaitwa piruveti.

"Piru nani?"

"Piruveti."

"Jina la mchezaji wa akiba," akasema. "Haya, endelea."

Nikaendelea. Nilimweleza kwamba piruveti ikishapatikana imefika njia panda. Ndani ya seli mna vyumba vidogo vinavyoitwa mitokondria, na hewa ikiwepo, piruveti inaingia humo. Pale mlangoni inakatwa kaboni moja, inatoka kama hewa ya ukaa. Nikakipiga kizibo kimoja kikaanguka sakafuni. Zilizobaki mbili hazitembei zenyewe. Kuna mbebaji anayezishika na kuzifikisha kwenye mzunguko wa ndani, na humo nazo zinamalizwa, zote zinatoka kama hewa ya ukaa. Katika kila mkato, elektroni zenye nguvu zinachukuliwa na kupitishwa mkono kwa mkono, na seli inavuna nguvu yake njiani.

Povu aliokota kizibo sakafuni, akakifuta. "Oksijeni hujaitaja. Hiyo hewa ninayoipuliza kutwa nzima inafanya nini?"

Nakiri swali lile lilinifurahisha. Wanafunzi wa vyuo huwa hawaliulizi, wao hudhani oksijeni inaingia mwanzoni, kama kuni jikoni. Nikamwambia oksijeni iko mwisho kabisa wa foleni. Ndiyo inayozipokea zile elektroni, na hapo yanapatikana maji. Isipokuwepo, wa mwisho anabaki na mzigo mikononi, wa nyuma yake hana pa kuuweka wake, na foleni nzima inakwama hadi mlangoni. Piruveti inakuta hapaingiliki. Basi seli, ili isife, inaigeuza: inatoa kaboni moja kama hewa ya ukaa, na zile mbili inazifanya alkoholi. Inaishi, lakini kwa kubangaiza. Haizai inavyotakiwa.

"Kaboni ya kwanza inafukuzwa njia zote mbili?"

"Zote mbili."

"Kumbe. Ndiyo maana ukitazama viputo tu unadanganyika. Lazima unuse." Akakuna kidevu. "Na nikimwaga molasi kupita kiasi?"

"Hata hewa iwepo, piruveti zinajazana kuliko mlango unavyomudu. Za ziada zinaishia kuwa pombe vilevile."

"Kwa hiyo pombe ikionekana, wa kulaumiwa ni wawili tu. Mtu wa molasi au mtu wa hewa."

"Wawili tu."

"Mtu wa molasi mimi. Mtu wa hewa shemeji yangu." Akacheka hadi macho yakamtoka machozi. "Basi hakuna kesi. Mambo yataishia nyumbani."

Shemeji yake tulimwita Fundi. Ndiye aliyekuwa na kompresa, zile mashine zinazosukuma hewa chini ya matangi, kila tangi na yake, na ndiye aliyemwoa mdogo wake Povu. Na aliyewakutanisha ni Povu mwenyewe: alimchukua Fundi nyumbani kwake siku moja amtengenezee feni, Fundi akarudi mara tatu kuitengeneza feni ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Yule dada ndiye aliyekuwa roho ya Povu, na ninataka hili lieleweke. Wazazi wao walifariki Povu akiwa na miaka kumi na sita, mdogo wake ana sita. Alimlea yeye. Mwalimu wa shule alipomrudisha mtoto nyumbani kwa sababu nywele zilikuwa zimesimama kama ufagio, Povu alikwenda kwa jirani msusi, akakaa chini Jumapili nne mfululizo kujifunza kusuka. Kijana wa kiume, miaka kumi na sita, na wenzake wakipita dirishani wanamzomea. Mpaka yule binti anaolewa, aliyemsuka ni kaka yake. Baadaye akamtafutia kazi pale pale kiwandani, kitengo cha kufungasha. Kila siku saa nne dada alipita ukumbini na chupa moja ya chai na vikombe viwili, cha kaka na cha mume, na kila siku alianza kwa kumwamkia kaka yake: "Shikamoo kaka." Povu alijibu "Marahaba, mama" kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Sasa nieleze kuhusu neno, kwa sababu neno ndilo lililommaliza.

Ukumbi ule ulikuwa na kelele za kompresa kutwa. Ukitaka kusema jambo, ulilisema kwa maneno machache na mkono. Povu akitaka hewa iongezwe alipaza sauti, "Ipe pumzi namba tatu!" na kuinua kiganja juu, mara mbili. Fundi alizungusha gurudumu la bomba, hewa ikaongezeka, povu likapanda. Miaka kumi na tisa walisema hivyo. Hata wafagiaji walijua. Mfagiaji mmoja alikuwa akimkuta mwenzake amezubaa anamwambia, "Ipe pumzi hiyo fagio." Pale kwetu kutoa pumzi kulikuwa kuongeza kazi. Nje ya geti lile, bila shaka, ukimwambia mtu mpe pumzi mwenzako, unamaanisha mwache apumzike.

Mwaka ule alikuja meneja mpya, kutoka idara ya mauzo. Alikuwa mtu wa heshima, suruali yake haikuwahi kuguswa na molasi. Aliambiwa kiwanda kitajenga matangi mapya mawili, na akatakiwa achague mkuu wa matangi yote. Alisoma mafaili, akauliza huku na huko, na kila alikouliza alitajiwa Povu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Saa mbili asubuhi nilipima sampuli ya namba tatu: safi. Saa nne kasoro kidogo karani alikuja kumwita Povu ofisini kwa meneja. Povu alikuwa ametoka juu ya ngazi, na hakupenda alichokinusa. Seli zilikuwa zimeongezeka, zilihitaji hewa zaidi. Akamgeukia Fundi, akampa ile sauti yake na ule mkono wake, akaongeza, "Shemeji, niangalizie. Naitwa." Dada alikuwa amesimama baina yao, chupa ya chai mkononi. Hao watatu tu. Wengine walikuwa wameshakwenda kwenye chai yao.

Mimi nilikuwa nimewapa mgongo. Miaka yote nimekaa kwenye dirisha lile nikiona hata nani amebadilisha soksi, na dakika ile nilikuwa nachemsha maji. Sampuli niliyochukua wakati ule ule ilikuwa na alama hafifu mno ya alkoholi, ya kawaida kwa seli zinazodai hewa.

Meneja alimkalisha Povu kwa muda wa saa mbili hivi. Alimwonyesha ramani ya matangi mapya, akamuuliza angependa ngazi ziwekwe upande gani. Povu aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuulizwa swali zuri kama lile maishani mwake. Alipotoka, uso wake uling'aa. Alifika kwenye mlango wa ukumbi, akasimama, uso ukabadilika. Akapanda vile vidato ishirini na sita kwa mbio, mtu wa miaka hamsini na tatu.

Nilimwona akiinama, kisha akakaa chini juu ya jukwaa. Povu la tangi lilikuwa limekwisha kabisa, limebaki duara la utandu ukutani mwa tangi kuonyesha lilipokuwa. Hewa haikuwa ikipanda. Mimi mwenyewe, nisiye na pua, niliisikia harufu kutoka dirishani. Ilinuka kama baa asubuhi kabla haijafagiliwa. Nilipopima, alkoholi ilikuwa imepita mstari wa mwisho wa kipimo changu. Tangi zima halikufaa. La kuvunda halina ubani.

Nilipomaliza kupima, kompresa ya namba tatu ilikuwa inanguruma tena, kana kwamba haikuwahi kunyamaza. Nilikwenda kuigusa tumbo. Nilirudisha mkono haraka. Ilichoma kama sufuria. Nyuma yake kulikuwa na ndoo ya mafuta meusi tii, mazito, ambayo kwa haki yalipaswa kubadilishwa miezi mingi nyuma. Fundi alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

"Fundi, uliizima?"

"Muulize shemeji yangu," akasema, bila kunitazama.

Alikuwa ameshaonywa mara mbili kwa maandishi kuhusu mafuta ya mashine ile. La tatu lilikuwa kuonyeshwa geti. Hilo nililijua, na kila mtu alilijua.

Jambo lililokuwa mezani keshokutwa yake lilikuwa moja tu: nani anaondoka. Ama mtu wa molasi, ama mtu wa hewa. Povu hakuwa na hofu. Mimi ndiye niliyekesha na karatasi zangu nikizipanga, maana nilikuwa na ushahidi, na nilikuwa mjinga kiasi cha kudhani ushahidi unatosha.

Tulikaa ofisini kwa meneja, kwenye viti vya plastiki, kiyoyozi kikivuma. Nilianza mimi. Nilisema alkoholi katika tangi hutokana na mambo mawili, sukari kuzidi au hewa kupungua. Tangi la molasi lina kijiti cha kupimia, nami nilikipima mwenyewe mchana ule mbele ya watu: molasi iliyotumika ni ile ile ya kila siku. Kwa hiyo piruveti hazikuzidi. Kilichokosekana ni oksijeni ya kupokea mwishoni. Nikaeleza habari ya joto la mashine na ile ndoo: mafuta yalikuwa mabovu, mashine ikachemka, ikabidi izimwe.

Meneja alinisikiliza kwa adabu, akaandika neno "piruveti" kwenye daftari lake na kuliwekea alama ya kuuliza. "Kwa hiyo mashine ilizimwa," akasema. "Fundi?"

"Ilizimwa, bosi. Sikatai." Fundi alikuwa amevaa shati jipya. "Niliambiwa niizime."

"Na nani?"

"Na mwenye tangi. Aliniambia, ipumzishe namba tatu. Mimi ni mtu wa kutii."

Nilimtazama Povu. Alikuwa bado anatabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie utani.

"Shemeji," akasema, "nilisema ipe pumzi."

"Ipe pumzi, ipumzishe, si ni mamoja? Mtu ukimpa pumzi si unampumzisha?"

"Fundi! Miaka kumi na tisa!" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Meneja akainua kalamu kunituliza. Nilimwambia hapa kwetu ipe pumzi maana yake fungulia hewa, kamuulize yeyote, kamuulize mfagiaji. Meneja alisema anaelewa, lakini yeye kama mzungumzaji wa kawaida wa lugha hii angeambiwa "ipe pumzi mashine" naye angeizima. Na ni kweli, angeizima. Angeizima yeye, aliyetoka mauzo.

Fundi alijua alichokifanya. Alijua bosi wetu haijui lugha ya ukumbini, akaichukua ile sentensi waliyoijenga wawili, akaigeuza upande wa pili kama shati. Sijawahi kuona wizi wa namna ile. Na hakutosheka. Akasema, "Tena hakusema ipe pumzi. Alisema ipumzishe. Mke wangu alikuwepo."

Hapo Povu alivuta pumzi ya raha kabisa, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Aligeuka kwa meneja akasema, "Ndiyo, alikuwepo. Mwite mdogo wangu. Atakachosema yeye, mimi nakikubali."

Ilichukua dakika kumi kumleta kutoka kufungasha. Aliingia na kofia yake ya wavu kichwani, vumbi la hamira limemganda kwenye nyusi. Alisimama karibu na mlango. Hakumwamkia kaka yake, nami nikadhani ni kwa sababu ya ofisi.

Meneja alimuuliza taratibu, bila kumtisha. Jumanne saa nne ulikuwa ukumbini? Nilikuwepo. Ulimsikia kaka yako akimwambia mumeo jambo? Nilisikia. Alisema nini?

Dada aliangalia sakafu. Vidole vyake vilikuwa vinaviringisha ncha ya aproni.

"Alisema ipumzishe."

Nilisubiri aongeze kitu, ajisahihishe, alie, chochote. Meneja akauliza, "Una uhakika? Kuna kelele mle."

"Nina uhakika. Na mkono aliushusha. Hivi." Akashusha kiganja chake, mara mbili.

Uongo wa neno naweza kuuelewa. Hofu inamfanya mtu aseme neno. Lakini ule mkono haukuulizwa na mtu. Ule mkono ulitungwa nyumbani, ukafanyiwa mazoezi mbele ya mume, labda mezani watoto wakiwa wanakula. Nilitaka kuinuka nimshike mabega nimtikise. Niliinuka kweli, kiti kikaanguka, nikasema maneno ambayo sitayaandika, na meneja akaniomba nitoke nje.

Povu hakuinuka. Kupitia kioo cha mlango nilimwona amekaa vilevile, mikono juu ya magoti, anamtazama yule mwanamke kichwani, pale kofia ya wavu ilipoishia na nywele kuanza. Alikuwa amesema atakubali atakachosema, na alikubali. Alitia saini bila kusoma. Barua ilisema uongozi unamshukuru kwa utumishi wake na umeamua kumpumzisha. Ndivyo ilivyoandikwa, kumpumzisha. Nadhani meneja hakulisikia hata kidogo alilokuwa akiliandika.

Baada ya hapo watu walimiminika na methali zao. Kikulacho ki nguoni mwako, damu nzito, na kadhalika. Mtu akishapatwa, kila anayepita ana methali mfukoni. Wengine walisema mimi ndiye niliyeharibu kwa kufoka. Pengine. Fundi hakupewa ukuu wa matangi, akapewa onyo la mdomo na mafuta mapya. Namba tatu akawekwa kijana mwenye cheti na simu nzuri, anapima kila kitu kwa mashine na hapandi ngazi. Mwezi wa pili tangi lilivunda tena. Hakuitwa mtu ofisini safari hii.

Nilikuwa nakwenda kumwona Povu kila Jumamosi. Mke wake alikuwa kwa binti yao aliyejifungua, kwa hiyo nilimkuta peke yake, nyumba imefagiliwa, redio iko chini chini. Alikuwa ameanza kwenda kwa mwoka mikate wa mtaa wa pili kumsaidia kukanda. Alisema ile hamira ya pakiti ni ya kwetu, ameijua kwa harufu, na kwamba haina afya. Kuhusu siku ile ofisini hakusema lolote. Niliwahi kumchokoza nikamwambia, "Lakini wewe unajua ulisema nini."

"Najua," akasema. "Nilichokuwa sikijui ni kingine."

Jumamosi ya mwisho ninayotaka kuisimulia, mchana, tulikuwa tunakunywa chai. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Ukagongwa kwa kucha, kidogo, ukasukumwa, na pale kizingitini akasimama yule dada. Alikuwa amekonda. Kichwani alikuwa na kitambaa kilichofungwa ovyo.

"Shikamoo kaka."

Povu aliweka kikombe mezani. Hakujibu. Kwa wasioelewa uzito wake: mkubwa anaweza kukugombeza, anaweza hata kukupiga, lakini marahaba yako anakupa kwanza. Sijawahi kuona salamu ile ikiachwa hewani nyumbani kwa mtu.

Dada akaanza kusema haraka haraka, macho yakiwa kwenye miguu ya meza. "Kaka, najua ulisema ipe pumzi. Nilisikia. Mkono niliuona. Lakini wewe una pua yako, una kichwa chako, wewe popote utakula. Wewe watoto wako wameshakua. Yeye wangemfukuza angekwenda wapi? Ana nini yule zaidi ya ile mashine? Na wangu wale watano, kaka, mdogo hata shule hajaanza. Nikasema moyoni, kaka atanielewa. Kaka siku zote ananielewa."

Nilimtazama Povu nikitegemea kuona hasira, na ningeifurahia, nasema kweli. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamsikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande mmoja kidogo, hadi alipomaliza.

"Shikamoo kaka," akasema tena yule dada, safari hii akilia.

"Salama, mama," akajibu Povu, kwa upole, sauti ile tunayompa mgeni aliyepotea nyumba. "Unamtafuta nani?"

Dada alinitazama mimi kama naweza kumsaidia. Sikumsaidia.

"Namtafuta kaka yangu," akasema hatimaye.

"Hayupo."

Povu alisimama, akaurudisha mlango taratibu bila kuubamiza, akahakikisha komeo limeingia. Kisha akaja kukaa, akagusa ubavu wa kikombe changu na kusema chai imepoa, ngoja anipashie nyingine.